Mkono Nilioupunga Barabarani

Maganzo, Jumatatu

Mama Zubeda, mke wangu,

Asalaam aleikum. Kwanza nipe hali ya mgongo wako, na huyo wa tumboni kama bado anakunyima usingizi. Barua yako ya kuuliza nitakuja lini kukupeleka hospitali nimeipata. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa, na nisipokueleza wewe sina wa kumweleza.

Juzi tajiri wangu alinipa gari nilijaribu kabla hajalinunua. Mzungu mmoja anarudi kwao, analiuza: jekundu, la mashindano, viti viwili tu, limelala chini hata ukikaa unaona magoti ya watu. "Fundi, likimbize, kisha uniambie ukweli," akasema. Wanijua mimi na magari. Nilipoingia barabara ya Shinyanga nikapandisha vioo kwa ajili ya vumbi, nikakanyaga mafuta. Linanguruma, hata ukipiga kelele mwenyewe hujisikii. Nikawa nacheka peke yangu kama mwehu.

Njiani nikaona watu kando, wanawake wanarusha mikono juu. Nikadhani wanalishangilia gari. Nikapiga honi, nikawapungia, nikapita. Mjini nikanywa chai, nikakagua breki na oili, nikarudi taratibu.

Nikawakuta pale pale. Kumbe lilikuwa yowe. Huku Usukumani yowe likipigwa, anayelisikia huacha alichoshika akaenda. Mke wa mtu alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Nikampakia yeye na mkwewe, wamebanana kiti kimoja, nikakimbia kuliko mwanzo. Mama amepona. Mtoto hatukumuwahi.

Mumewe, Masanja, hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Tulikuwa tumeshafunga ng'ombe kwenye mkokoteni tumpeleke. Ulipopunga mkono tukasema, huyu fundi anakwenda kugeuza, anarudi. Tukawafungua ng'ombe."

Tajiri amelinunua gari. Nilimwambia ni zima, na kweli ni zima. Nikilisikia linapita naacha spana, naenda nyuma ya gereji nikae.

Mama mzazi mpe shikamoo yangu, na shangazi yako wa karibu na hospitali umsalimie wewe mwenyewe kwa mdomo, maana nataka uhamie kwake siku utakayosoma barua hii. Zubeda aende na wewe. Najua niliahidi kuja, na nauli ninayo. Lakini mke wangu, usiningoje.

Mumeo,
Baba Zubeda