Maziwa ya Rajan na Sunil

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Anderlecht, Ubelgiji, tu wazima. Nyanya yako amepona goti, sasa ananifukuza jikoni mbio.

Umeuliza Watamili na Wasinhala wa Sri Lanka waligombania nini. Bon, shule niliikimbia, ila ujanani niliosha vyombo katika mkahawa mmoja hapa, wenye wapishi wawili wasiosemezana: Rajan Mtamili, Sunil Msinhala. Rajan alisema uchungu ulianza serikali yao ilipotaka Kisinhala tu ofisini.

Mwaka wao mpya ulipofika, maana ni siku moja kwa wote, kila mmoja akabandika maziwa yake yachemke mpaka yafurike, ndiyo baraka. Mimi, mjuaji, nikazima gesi zote!

“Mjinga wewe!” wakanifokea pamoja.

Sunil akawasha jiko lake, kisha la Rajan, akamtakia heri kwa Kitamili.

Vita vya kwao havikuisha siku ile. Jikoni viliisha, nikabaki natukanwa mimi tu, kwa lugha zote mbili.

Babu yako mtundu