Uji wa Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla dada Monika anayekusomea hajafika mstari wa pili. Magoti bado yanakusumbua? Mvua zimefika Igalula? Mimi ni mzima wa mwili tu, moyo umepondeka.

Huwa unanitania kwamba nimevuka bahari kuja Ujerumani kulisha panya, ndugu zao wale wanaotumalizia karanga ghalani. Ni kweli, mama. Hapa maabarani kazi yangu ni kuwapimia chakula. Mwezi huu kundi moja lilikula chakula kamili, lingine wanga mtupu, kama uji wa muhogo. Kisha wote tukawapa dawa ile ile ya usingizi, kwa kipimo kile kile. Waliokula vizuri waliamka upesi. Wale wa wanga walilala, wakalala. Profesa akanieleza kwamba ini ndilo linaloivunja dawa, kwa vimeng'enya vyake, na mnyama akikosa protini vimeng'enya hivyo hupungua, dawa ikakawia kwenye damu.

Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Unakumbuka nilipopiga simu baba akiumwa tumbo? Uliniambia, "Mwanangu, nataka nimchinjie tetea, na mlenda niutie karanga." Nami, msomi wako, nikakukatalia: "Mgonjwa halishwi vitu vizito, mama. Mpe uji tu, na dawa yake ya kifafa asiiache." Ukanitii wiki baada ya wiki. Dawa ile nayo huleta usingizi, na ini ndilo huivunja; baba akawa analala hata mchana, tukasema ni uchovu. Asubuhi ile hakuamka.

Panya si mtu, na sina hakika kama ni hilo lililomchukua. Lakini mdomo huponza kichwa, na wangu naogopa umemponza baba.

Dada ameniambia shangazi alisimama msibani akasema, "Mke mchoyo huyu! Kuku wamejaa uani, kaka yangu kafa na uji!" Nawe ukainama, lawama ukaibeba. Ulikuwa unanificha mimi, mama, na hilo linaniuma kuliko yote.

Usinifiche tena. Siku ya kumaliza matanga, watu wakishakaa, dada asome barua hii kwa sauti, asiruke neno. Shangazi, shikamoo. Uji ule niliuagiza mimi. Mama alitaka kuchinja, mimi nikamzuia.

Nisalimie bibi, na mdogo wangu aliyebaki na jembe la baba, na mchungaji aliyemzika.

Ukinipigia simu, usianze kunifariji. Nifokee kwanza, mama.

Mwanao,
Yohana