Kichanja cha Chini

Mama mdogo,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama wala bibi, na hata kwenye kitubio sikulitaja. Katika daftari letu la majaribio, ukurasa wa kumi na moja, niliandika uongo.

Nakuandikia nikiwa hapa kwako Liuli, likizo ya Pasaka. Nyumba yako anaitunza bibi. Sanduku letu la kukaushia samaki halipo. Pale lilipokuwa limesimama zimebaki alama nne za miguu yake, na mvua imezijaza maji.

Unakumbuka lilivyoanza? Ilikuwa Desemba, mvua ilinyesha siku tano mfululizo na usipa wote, dagaa wetu wa ziwani, mliokuwa mmewaanika ufukweni wakaoza. Ulirudi na beseni kichwani, ukawamwaga shimoni, ukanawa mikono, kisha ukaniuliza, "Haya, msomi wangu, jua likijificha sisi tunafanyaje?" Usiku ule nilichora sanduku la kukaushia samaki, lenye vipimo, nikalipaka na rangi. Asubuhi uliitazama ile picha kwa muda mrefu, ukasema ni nzuri, ukaichomeka ukutani. Halafu ukaenda dukani kuomba katoni tupu ya sabuni.

"Picha haikaushi samaki," ulisema. "Tutengeneze kibaya leo hii, tukione kinavyoshindwa kabla jua halijazama."

Tuliipaka katoni masizi kwa ndani, tukaifunika kwa nailoni, tukaweka konzi mbili za usipa. Ilipofika alasiri nailoni ilikuwa imetoka jasho, na maji yanawadondokea samaki. Nilishikwa na aibu kama niliyefeli mtihani. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. "Limeharibika likiwa dogo! Konzi mbili tu, Mungu ashukuriwe. Andika." Nikaandika. Nilipotaka kulifuta neno moja kwa raba ulinishika mkono. "Usifute. Kata mstari mmoja, ili kesho tuone tulipokosea."

Kesho yake tukatoboa matundu chini na juu ili hewa ipite, nzi wakaingia. Siku iliyofuata tukaziba matundu kwa vipande vya chandarua kikuukuu, nzi wakabaki nje wakilalamika. Sijawahi kujifunza kwa kasi namna ile darasani, mama mdogo, na mimi ni mtu ninayependa darasa.

Ndipo wenzako wa kikundi cha kuanika usipa walipokuja kutazama. Mwenyekiti wenu, Mama Tumaini, alilizunguka sanduku mara mbili, mikono nyuma.

"Dada, leo tunamzika nani?"

"Usipa," ukajibu.

"Basi jeneza lake zuri. Marehemu atapumzika."

Mkacheka wote. Lakini ulipowauliza kwa dhati wanalionaje, kila mmoja alisema, "Zuri, dada, zuri sana," hata yule aliyekuwa ameziba pua kwa kitenge. Walipoondoka hukucheka tena. "Heshima hii itanimaliza," ulisema. "Mtu akiniambia zuri, nirekebishe nini?" Kisha ukanigeukia. "Wewe huna maneno mengi. Kazi yako itakuwa kuniambia kibaya. Umenisikia? Kibaya tu."

Nikasema ndiyo. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi kubwa kama ile.

Ukanifundisha na kipimo. Usipa aliyekauka ukimvunja karibu na sikio hukatika kwa mlio mdogo, kama kijiti. Asiyekauka hupinda. Ulisema jicho hudanganyika lakini sikio la mtu mwenye njaa halidanganyiki.

Sanduku la nne lilikuwa la mbao, lenye vichanja viwili, kimoja juu ya kingine. Siku tuliyolijaza ulipata habari ya msiba kijiji cha jirani, ukaondoka kwa siku mbili, ukaniachia daftari. Mawingu yalikuwa mazito. Jioni ya siku ya pili nilifungua. Wa juu walikatika vizuri. Nikachukua mmoja katikati ya kichanja cha chini, nikamweka sikioni. Alipinda. Nikachukua wa pili, na wa tatu. Walipinda kama mpira, na harufu ilishaanza.

Kalamu ilikuwa mkononi, na nilijua cha kuandika. Lakini nilikumbuka uso mzito uliokwenda nao msibani. Kesho yake nilikuwa narudi shuleni Mbinga, sikutaka jambo la mwisho kukupa liwe ni kitu kingine kilichooza. Niliandika: "Juu na chini, wamekatika." Wale wa chini nikawapa bata.

Uliporudi uliniuliza kabla hujavua viatu.

"Wa chini?"

"Wamekauka, mama mdogo."

"Uliwavunja?"

"Niliwavunja."

Ulifumba macho ukasema ahsante. Hukuuliza mara ya tatu. Wakati ule niliona nimekufanyia huruma. Kumbe nilikufanyia kama wao, nikakwambia zuri.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama alipokuja kunitembelea bwenini, huku akinimenyea chungwa. Kwamba mlijenga sanduku kubwa la vichanja vinne. Kwamba kila mwanamke alileta beseni lake. Kwamba usipa wa vichanja viwili vya juu walikauka na wa viwili vya chini walitoka funza. Mama alisema hakuna aliyekutukana. Walikwambia, "Bahati mbaya, dada," na pembeni wakasema haraka haraka haina baraka, mambo gani ya kujenga kila siku kitu kipya. Baada ya hapo hakuna aliyekutania tena habari ya jeneza, na kwenda ziwani wakawa wanapita njia ya juu, wasipite kwako. Ukalivunja sanduku likawa kuni. Ukaenda mgodini Ngaka kuwapikia madereva wa malori ya makaa ya mawe. Nilikula lile chungwa lote.

Na juzi ulipopiga simu ya bibi ukaomba uongee nami, sauti yako ilikuwa ndogo. "Mwanangu, bado nayafikiria yale matundu. Nadhani niliyafanya madogo. Wewe siku ile uliona nini?"

Nikasema, "Sijui, mama mdogo," nikampa bibi simu. Miezi yote hii unapika ugali wa watu huku ukihesabu matundu ambayo hayakuwa na kosa.

Siku ya pili yake niliomba katoni dukani. Nikaweka vichanja viwili, konzi moja kila kimoja. Jioni wa chini walipinda. Asubuhi nikaanza upya na usipa wabichi, na ilipofika saa sita mchana nikabadilisha, cha chini nikakipandisha juu, cha juu nikakishusha. Jua lilipozama nilivunja kumi kutoka kila kichanja. Wote walikatika; kumbe cha juu kilikuwa kinakinyima cha chini jua.

Ni hivyo tu, mama mdogo. Ningeandika "wamepinda," ungelijua hilo kabla ya kuvua viatu, ungecheka mpaka ukae chini. Haraka yako haikuwaozesha usipa wale.

Hapo niliweka kalamu chini kwa siku mbili. Haya ya mwisho nayaandika yakiwa yameshatendeka.

Jumamosi kikundi kilikutana barazani kwa Mama Tumaini. Nilikwenda na daftari. Niliwaamkia, kisha nikamnyooshea Mama Tumaini daftari na barua hii asome mwenyewe. Akasema, "Miwani sina. Soma wewe." Nikasoma vyote nikiwa nimesimama, na hakuna aliyeniambia nikae.

"Wa chini walinuka?" aliuliza nilipomaliza.

"Walinuka, mama."

"Na sisi tukaleta mabeseni yetu."

"Ndiyo, mama."

Mmoja akasema, "Maskini yule dada." Mwingine akaniangalia akasema, "Mtoto mpole hivi." Sikujua ni huruma au ni nini. Mama Tumaini aliinuka akaenda kuanua nguo zake kwenye kamba, na kikao kikaisha namna hiyo. Sijui kama watakuita. Sijui kama ungekuja, wala kama utataka kuniona.

Daftari nimelifunga pamoja na barua hii, na bahasha sijaigundisha, ili yeyote atakayeishika njiani asome kwamba kosa halikuwa lako. Kabla ya kulifunga nilifungua ukurasa wa kumi na moja. Nilikata mstari mmoja juu ya neno "wamekatika." Chini yake nikaandika: wa chini walipinda, na walinuka. Sikufuta.

Uwe salama huko kwenye vumbi la makaa.

Mtoto wa dada yako