Unga Chini ya Picha Yenu ya Ndoa

Baba,

Pamba imeshavunwa huku Migato na nyumba imekuwa kimya. Nilirudi kutoka Bariadi baada ya majirani kunipigia simu, wakisema Mama anaongea peke yake sebuleni.

Alikuwa anaongea na picha yenu ya ndoa, ile yenye fremu ya mninga aliyoichonga babu kwa mkono wake mlipooana. Tangu tukuzike fremu hiyo imekuwa ikitoa unga. Kila asubuhi tunaukuta sakafuni, laini, rangi ya mtama uliosagwa. Siku ya kwanza nilitaka kuufagia, Mama akanishika mkono.

"Acha. Baba yako anashuka kidogo kidogo."

Aliuzoa kwa kiganja, akauweka kwenye kikombe chako cha bati.

Nilimwambia ni wadudu wa mbao. Aliniangalia kwa huruma. Lakini mchana mmoja, yeye akiwa kisimani, niliweka sikio kwenye fremu. Kitu kilikuwa kinakwaruza ndani, kinanyamaza, kinakwaruza tena. Nikajikuta nimeitika, "Abee, Baba."

Nikamwita Masunga, fundi aliyetengeneza jeneza lako. Aliishusha fremu, akabonyeza upande wa chini kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Mama akaguna kama aliyebonyezwa yeye. Masunga alisema pande tatu ni nzima, zikipakwa dawa zitadumu, ila huo wa chini umebaki ganda tu. Akauliza kama tuna kipande cha mninga.

Mama aliingia chumbani, akatoka na ubao mfupi uliofungwa kwenye kanga. Masunga aliutambua kabla Mama hajaufungua. Ni kipande kilichobaki alipotengeneza jeneza lako, Baba. Kumbe Mama alikuwa akilala nao.

"Mama, huu hapana," nilisema.

"Huu huu. Na yeye amelalia mti huu huu."

Alisimama pale mpaka msumari wa mwisho.

Sasa unga haudondoki. Mama anakula vizuri, ameanza tena kwenda kusali, na sebuleni haongei na mtu. Mimi ndiye siwezi kukaa mle. Jua likipanda, upande ule mpya unalia, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Masunga anasema ni ubao unakauka, utatulia. Nataka sana kumwamini. Ila jana ulipolia Mama aliacha kuchambua mchele, akainua kichwa, akangoja. Sikumuuliza alikuwa anangoja nini.

Kesho narudi kazini. Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi nitakuwa nikija kuipangusa fremu na kuipaka dawa, na Mama hatakosa mtu wa kumwangalia. Kama kuna neno lililokubaki moyoni, ningoje mimi nije, uniambie mimi. Yeye mwache apumzike.

Ni mimi binti yako,
Kabula