Bastola ya Gumegume

Jumamosi, 12 Agosti

Salum mume wangu, nimeipata.

Tangu tukuzike nimeitafuta bastola ya rika moja na magobore yako mawili ya zama za misafara ya pembe. Leo Bwana Hamadi, fundi saa wa Mchafukoge, aliniletea moja Kariakoo, kaifunga kwenye kanga. Uliniambia za kale kweli ni gumegume, hulipuliwa kwa cheche za jiwe, za fataki zilikuja baadaye. Nikamwomba, "Ifungue niione nyundo inayoshika jiwe."

Akaifungua palepale njiani.

"Jambazi! Ana bastola!" mwanamke akapiga kelele.

Sijui walitokea wapi. Walimpiga kwa mateke, kwa matofali, kwa nondo. Nilisikia jino likivunjika. Mmoja akaita, "Leteni tairi!" Nikamlalia Hamadi, tofali likanipata begani. Nikapaza sauti, "Ni ya ukumbusho! Haina hata jiwe!"

Muuza vitunguu akaiokota, akaigeuza, akacheka. "Nyie, hii ya babu yake babu. Mwacheni mzee wa watu."

Wakaondoka wakicheka. Wakicheka, Salum.

Hamadi amelazwa, na daktari anasema jicho la kushoto halitaona tena. Jicho la fundi saa.

Bastola nimeiosha, ila damu imezama kwenye mbao za mpini. Inalingana na magobore yako kabisa. Siwezi kuitundika ukutani pamoja nayo.

Nikumbuke huko uliko, lakini si kwa leo. Nikumbuke nikikushikia taa, wewe ukiyapaka magobore mafuta.