Bia ya Bosco

Kinanira, Bujumbura. Alhamisi, Novemba 2004.

Mvua tangu asubuhi, umeme hakuna, na miguu imevimba kuliko jana. Daktari hazungumzii tena kupona, anasema tu nipumzike. Nimemwelewa. Ndiyo maana ninaandika sasa, kabla dawa hazijanilaza.

Nimemsingizia mtu.

Mtu huyo ni Bosco, mchumba wa Goreth, binti yangu wa mwisho, ambaye ndiye anayeniuguza. Bosco aliniletea taa ya LED inayotumia betri ya pikipiki, ili nisihangaike na mshumaa umeme unapokatika. Baada ya muda taa ilizima. Nikaifungua, nikaona transista imekufa, nikamtuma Bosco sokoni Jabe akanunue nyingine. Aliileta siku hiyohiyo.

Nilifundisha umeme katika shule ya ufundi hadi nilipostaafu. Wanafunzi wangu niliwaambia kila mwaka: ondoa mzigo kwanza, yaani kile kinachokula umeme, upime chanzo peke yake. Nilipokwisha kuichomelea ile transista, nikafuata kanuni yangu. Nikachomoa waya unaokwenda kwenye LED, nikaunganisha betri.

Tik. Kisha harufu ya kuungua.

Wadogo zangu walikuwa wameketi sebuleni, wananitazama. Nikasema, "Ya bandia hii. Anayemletea baba mkwe kitu cha bandia, binti yangu atamletea nini?"

Walicheka. Mmoja akasema, "Si nilikwambia? Watu ya kule, we unawajua."

Kule ni mtaa anakotoka Bosco. Tangu vita vianze sisi wa huku hatukanyagi kwao, nao hawakanyagi kwetu. Bosco peke yake ndiye alikuwa akivuka. Sikumkemea ndugu yangu. Jioni ileile ikaamuliwa kwamba wazee wa Bosco wasije tena kuposa.

Na hili ndilo linalonichoma zaidi: niliposikia ile tik, shaka iliniingia. Ningeweza kuchukua mita nikapima. Badala yake niliwatazama wadogo zangu, nikawapa neno walilokuwa wakilisubiri.

Nilitafuta kosa kwa mtu kabla ya kulitafuta kwenye sakiti.

Jumapili Bosco alikuja. Kwetu anayeomba msamaha haji mikono mitupu, na kijana hamwambii mzee kwamba amekosea. Akaweka mezani chupa nne za bia, na transista nyingine iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. "Muzee, munisamehe," alisema. "Kosa ni yangu, mi ndo nilinunua."

Nikainywa bia yake. Daktari amenikataza, lakini nilimaliza chupa nzima, na ilikuwa tamu. Transista sikuifungua hata gazeti. Niliitupa kwenye droo.

Leo asubuhi nilichukua transista kutoka kwenye sanduku langu mwenyewe, niliyoihifadhi miaka na kuiamini. Nilitaka kuonyesha tofauti. Nikaichomelea kwa chuma nilichokipasha kwenye makaa, nikaacha LED zimechomolewa kama kawaida yangu, ila safari hii nikaweka mita mahali pake. Mshale haukutulia. Ulipita volti thelathini, ukapita hamsini, ukazidi kupanda.

Tik.

Ndipo nilipoelewa. Sakiti hii si kama transfoma nilizofundishia. Kazi yake ni kusukuma mkondo uleule wakati wote. Ukiziondoa LED, haijui kwamba hakuna wa kupokea. Inaongeza volti tu, mpaka kitu kipasuke. Transista zote mbili niliziua mimi, ya Jabe na ya kwangu.

Nikafungua droo, nikatoa ile ya kwenye gazeti. Nikaichomelea. Nikaunganisha LED kwanza, betri mwisho.

Taa ikawaka. Mwanga mweupe, umetulia, haupepesi.

Goreth alitoka jikoni akasimama mlangoni. "Papa, imewaka. Na transista ya nani?"

"Ya Bosco."

Aliitazama taa, akanitazama mimi. "Na bière yake mulikunywa," alisema, akarudi jikoni.

Kwetu neno la baba aliye kitandani ni umurage, wosia. Akishakufa hakuna wa kulipinga. Nikienda kaburini bila kulifuta lile nililolisema sebuleni, wadogo zangu watamshikia Goreth neno hilo maisha yake yote, wakisema baba yako alikataa. Kwa hiyo naandika hapa, na mchana huu nimewaita wadogo zangu wote wawili nikawaambia wakiwa mbele ya taa: Bosco hana kosa, kosa ni langu, na wazee wake waje. Mmoja aliinama. Mwingine aliondoka bila kuaga.

Hilo halitoshi. Bosco hakuwepo, na anayeomba msamaha ndiye anayekwenda.

Goreth anasema madereva wengi wa teksi hukataa kufika kule. Atatafuta anayekubali. Kesho nitaketi kiti cha nyuma na chupa nne mapajani, mzee anayekwenda kumwomba radhi kijana, jambo ambalo baba yangu asingelielewa. Sijui kama nitaweza kupanda ngazi za kwao. Sijui hata kama nitaamka.

Nikishindwa kufika, chupa zifike.