Maji Uliyokunywa Mkononi mwa Mama

Yaya Byamungu, kaka yangu mkubwa,

Ninakuandikia nikiwa nyuma ya nyumba, kwa sababu ndani Mama anasimulia tena. Wamekuja wageni wa kanisani, naye ameshafika pale anapopapenda. "Alikunywa mu mukono yangu," anasema, na wanawake wanaitikia kwa sauti ya chini. Hilo ndilo linalomwamsha asubuhi, yaya. Kwamba mtoto wake hakuondoka na kiu.

Mimi nimemaliza shule, na sasa najifunza huduma ya kwanza hapa kambini Nakivale. Ungecheka. Mimi, niliyejificha nyuma yako hata tukienda kuomba chumvi kwa jirani! Mwalimu wetu ni muuguzi kutoka Mbarara. Siku ya kwanza alisema kwa Kiswahili chake, "Ule anapiga kelele, iko na pumzi. Muanze na ule amenyamaza." Nilishika benchi kwa mikono miwili.

Maana lori la matoke lilipoigonga bodaboda yako kwenye barabara ya Rugaaga, karibu na nyumbani, abiria wako alilia mguu wake, na watu wote wakamkimbilia. Wewe ulikaa kando, umeshika tumbo, unatania: "Mumubebe huyu muzee kwanza, anatupasua masikio. Miye niko muzima." Tukaamini, kwa sababu ulikuwa unaongea. Nilikushika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, na jua lilikuwa kali. Sasa najua: damu ilikuwa inakujaa tumboni. Ulipaswa kulazwa chali, magoti yamekunjwa, ufunikwe, na uwe wa kwanza garini. Ukaomba maji. Mama akaja mbio na kikombe. Ukanywa, ukatapika, ukanyamaza. Hospitali ya Mbarara hatukufika nawe. Ulituacha njiani, pale Masha.

Nilimuuliza mwalimu habari ya yale maji, huku nikitazama viatu vyangu. Akasema maji hayakukuua, ni damu. Lakini aliyeumia tumbo hapewi cha kunywa: akitapika huku anapoteza fahamu, maji yanaweza kuingia mapafuni, na wapasuaji wanataka tumbo tupu.

Tangu hapo nyumba imenibana. Jumapili iliyopita niliwafundisha wanawake wa kijiji chetu. Niliwaonyesha namna ya kukandamiza jeraha linalotoka damu nyingi, bila kuachia ili kuchungulia. Jirani yetu, Mama Esta, akauliza, "Na akiomba mayi?" Kabla sijafungua mdomo, Mama alikuwa amesimama. "Mumupe! Mutoto hawezi kwenda na kiu." Wakampigia makofi. Mimi nikakunja kitambaa changu, nikakikunjua, nikakikunja tena.

Nikisema, ninamnyang'anya Mama kitu pekee kilichombakia. Nisiposema, vijana wa bodaboda wanapita hapa kila siku, na kila mmoja ana mama atakayekimbia na kikombe. Nikigeukia huku ni ukuta, nikigeukia kule ni ukuta. Nikimwona Mama akichota maji ya kupikia tu, naenda kujilaza kitandani. Anadhani nina malaria.

Jumapili hii wanawake watakutana tena, na mimi ndiye wa kuzungumza.

Yaya, wageni wakiondoka nitamwambia Mama, sisi wawili tu. Nitaanza na lile la damu, nilirudie mpaka alisikie: si kikombe chake kilichokuondoa. Kisha nitamwonyesha jambo ambalo mwalimu anaruhusu: unalowesha kitambaa safi, unapangusa midomo ya aliyeumia, unakaa naye, unamwita jina lake. Nitamwomba Jumapili awaonyeshe yeye, kwa mkono wake. Labda atalia. Labda hatanisemesha siku nyingi. Hata hivyo nakuahidi, wakiuliza tena habari ya maji, nitajibu. Sauti yangu unaijua ilivyo ndogo. Watanyamaza ili waisikie.

Pumzika, kaka yangu. Nasikia wanaaga mlangoni. Ninaingia ndani.

Mdogo wako,
Nyota